Fanta ya Kung'olea Mkuki

Musaga, 16 Juni 2025

Mama Adélaïde,

Salamu nyingi. Natumaini magoti yako yameshazoea baridi ya Gitega, na dada Concilie hajambo. Najua kwenye simu husikii vizuri, ndiyo maana nampa dereva wa basi karatasi hii.

Nataka uniambie jambo moja tu. Je, nimefukuzwa?

Juzi Jumamosi komite ya timu iliniita nyumbani kwa rais wetu, Muzee Népomuscène, kule Kinindo. Walikuwepo wote wanane. Nilisoma ripoti yangu ya msimu, haikuwa ndefu: mechi ishirini na sita, tumeshinda tano, tumetoka sare saba, tumefungwa kumi na nne. Tumeponea kushuka daraja kwa pointi moja. Nilipomaliza nilingoja wanigombeze, au angalau mtu aulize swali. Hakuna aliyeuliza. Rais alitazama bustani yake, kisha akasema mwaka huu mvua imekatika mapema. Wote wakakubaliana naye kuhusu mvua.

Niliposimama kuaga, rais mwenyewe alinifungulia Fanta sitroni, maana anajua bia sinywi, akanipa kwa mikono miwili. Akasema, "Kunywa, Mugisho. Ni agashinguracumu." Nikanywa. Walinitazama mpaka chupa ikaisha, wakanisindikiza hadi getini wakinipigapiga bega.

Njiani nilimsimulia Landry, msaidizi wangu. Akanieleza kwamba hicho ni kinywaji cha mgeni anayeondoka, cha kung'oa mkuki aliousimika mlangoni alipofika. "Wamekufukuza, kocha," alisema. "Siye Warundi hatusemaka mu macho ya mutu."

Mimi ni mtu wa Bukavu, mama. Kwetu ukifukuzwa, jirani wa tatu anasikia. Leo asubuhi nimemrudishia Hyacinthe, mtunza vifaa, funguo za stoo, mipira kumi na mmoja na filimbi. Amepokea bila kuniuliza kitu.

Tuungane ni timu aliyoianzisha marehemu mume wako, Mzee Moïse. Ndiye aliyenitoa Bukavu nije kuichezea, na nyumbani kwako ndiko nilikojifunza kula. Kama kuna mtu anayeweza kuniambia kama bado mimi ni kocha, ni wewe.

Mwanao,
Mugisho


Kinindo, 18 Juni 2025

Mama Adélaïde mheshimiwa,

Baada ya salamu, nakuandikia kwa masikitiko. Kocha wetu ametuacha. Juzi alirudisha funguo kwa Hyacinthe na kwenda zake, na sisi tulikuwa bado hatujakata shauri lolote juu yake. Jumamosi alikuja kwangu, tukampokea vizuri, akasoma ripoti, akapewa kinywaji, akaondoka akiwa mtulivu. Wapo wanaosema amepata timu Uvira. Mimi siwezi kusema ndiyo, wala siwezi kusema hapana.

Lakini Hyacinthe anasema kwamba kocha alipokuwa akihesabu mipira alikosea mara tatu, na mtu aliyepata kazi kwingine hakosei hivyo. Kwa hiyo komite imepiga kura: tumfuate na kumpa msimu wa pili, au tumshukuru Mungu na kutafuta mwingine. Tumetoka wanne kwa wanne.

Wanaomtetea wanasema huu ni mwaka wake wa kwanza kuwa kocha, na alituchezea miaka saba mpaka goti lake likakataa. Wanaompinga wanasema ametumia wachezaji thelathini na mmoja, na hakuna mechi mbili alizopanga timu ileile. Na ile mechi ya mjini Ngozi hawaisahau.

Unaijua katiba yetu. Kura zikilingana, familia ya mwanzilishi ndiyo inayoamua. Barua yako itufikie kabla ya kikao cha tarehe 12 Julai. Isipofika, uamuzi unabaki kwa rais peke yake, jambo ambalo sipendi hata kulifikiria. Mimi kama rais sina upande.

Wako katika Tuungane,
Népomuscène


Gitega, 22 Juni 2025

Mugisho mwanangu,

Barua mbili zimenifikia siku moja kwa basi moja. Yako inasema wamekufukuza. Ya Népo inasema umewakimbia. Nimezisoma mara mbili, kisha nikampa Concilie azisome, nikidhani miwani yangu ndiyo imechanganyikiwa. Naye amenirudishia akitikisa kichwa. Sasa nani kamwacha nani?

Kinywaji kile hupewa kila mgeni anayeondoka. Moïse alimpa hata yule mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme, na mwezi uliofuata mtu huyo akarudi kusoma mita. Hakuna Mrundi anayefukuzwa kazi kwa Fanta. Wala sijui Landry amekudanganyaje, mtu uliyekaa Musaga miaka kumi na moja. Hilo linanishinda, lakini naliweka kando kwanza.

Komite wamegawanyika wanne kwa wanne, na kura ya tisa ni yangu. Sikuitaka. Magoti yananitosha. Nikisema ubaki, na Tuungane ishuke daraja mwakani, nitakuwa nimeiua timu ya mume wangu. Nikisema uende, nitakuwa nimemfukuza mtoto niliyemlisha. Kwa hiyo nijibu kwa ukweli.

Ngozi. Hapa Gitega hata fundi wangu wa viatu ananiuliza habari za Ngozi. Mnaongoza moja kwa bila, Trésor ndiye kafunga, mabeki wao hawajui wamshike wapi. Dakika ya sitini na tano unamtoa Trésor na kuingiza beki. Mkafungwa mawili. Kwa nini? Nieleze kama unavyomweleza mtu aliyekaa na watu wa mpira miaka arobaini, si kama mwanamke wa jikoni.

Mama yako,
Adélaïde


Musaga, 26 Juni 2025

Mama Adélaïde,

Nitakueleza, ingawa sijui utanionaje.

Rais hasemi. Tangu mechi ya kwanza, nikimuuliza ameonaje mchezo, ananijibu, "Ni hivyo." Tukishinda, ni hivyo. Tukifungwa, ni hivyo. Kwa mtu ambaye ni mara yake ya kwanza kuongoza timu, hilo linatesa kuliko matusi. Basi nikajifunza kumsoma. Yeye hukaa kwenye jukwaa, kiti cha mwisho kulia, na mimi nikigeuza shingo kidogo tu namwona. Nikagundua kwamba mara nyingine, katikati ya mchezo, anasimama na kukunja uso. Nikajiambia, hapo kuna kitu hakimpendezi. Nikawa natazama ni nani aliyegusa mpira mwisho, na huyo namtoa.

Ngozi ilikuwa hivyohivyo. Trésor alipiga chenga mbili, ya tatu akapoteza mpira, na papo hapo rais akasimama. Uso wake ulikuwa umekunjamana kabisa. Nikamtoa Trésor. Baada ya muda rais akaketi, nami nikashusha pumzi, nikajua nimeelewana naye. Dakika kumi baadaye tulikuwa nyuma mbili kwa moja.

Trésor alinijia kwenye basi akaniuliza, "Kocha, nilikosea wapi?" Nilimwambia ni mbinu.

Kuhusu kinywaji, mama, mimi bado ni mgeni. Mila zenu ninazisoma polepole.

Mwanao,
Mugisho


Gitega, 28 Juni 2025

Népo,

Nakujua tangu ukiwa golikipa wa Tuungane, ukipewa kadi ya njano na kumficha mama yako. Kwa hiyo nijibu mambo mawili bila kuzunguka mlima.

Kwanza, ukiwa uwanjani, kwa nini unasimama katikati ya mchezo na kukunja uso? Pili, ile Fanta ilikuwa ya nini? Ulikuwa unamfukuza Mugisho, au ulikuwa unamsindikiza?

Nina kura mkononi na sijui niitupe wapi, na kila nikisoma barua zenu naona giza zaidi.

Adélaïde


Kinindo, 2 Julai 2025

Mama Adélaïde mheshimiwa,

Swali lako la kwanza limenishangaza, lakini najibu. Nasimama kwa sababu ya mgongo. Tangu ile pikipiki iliponitupa kwenye mtaro, siwezi kukaa zaidi ya nusu saa, misuli inakaza mpaka naona nyota. Kanisani nasimama katikati ya mahubiri, na padri mgeni aliwahi kudhani nataka kutoa ushuhuda. Jana, kwenye sherehe za Uhuru, ilikuwa afadhali kwa kuwa tulisimama wote. Watu wanaokaa nami jukwaani wananijua. Sioni uhusiano wake na kocha.

La pili limeninyima raha, mama. Siku ile nilikuwa nimeandaa sentensi mbili. Moja ya kumwambia tumekushukuru, nenda salama. Nyingine ya kumwambia tunajua ni mwaka wa kwanza, jipange, endelea. Nilizirudia kimoyomoyo tangu asubuhi. Alipomaliza kusoma ripoti yake na kututazama, sikujua nitoe ipi, nikazungumzia mvua. Aliposimama niliona aibu aondoke mikono mitupu, nikachukua chupa. Neno nililolisema ni lile linalosemwa mtu yeyote akisimama.

Ilikuwa na maana gani? Kusema kweli, sijui. Nimewauliza wenzangu. Wanne waliona nimemfukuza, na watatu waliona nimempa heshima.

Wako,
Népomuscène


Gitega, 4 Julai 2025

Mugisho,

Ni mgongo.

Népo anaumwa mgongo. Kila nusu saa lazima asimame, na akisimama lazima akunje uso, kwa sababu inauma. Hakuwa anamtazama Trésor. Huenda hata mpira hakuwa anauona.

Nilipoisoma barua yake nilicheka mpaka Concilie akaniletea maji. Kisha nikaacha kucheka. Nimefikiria yule kijana akikuuliza kwenye basi alikosea wapi, nikajisikia vibaya, na hasira nikashindwa nimpe nani, wewe au Népo.

Sasa narudi kwa lile nililoliweka kando. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Mtu aliyekaa Musaga miaka kumi na moja, aliyehudhuria posa na matanga kuliko mimi, hawezi kuniambia mila anazisoma polepole. Uliijua ile Fanta au hukuijua? Jibu kabla sijapiga kura.

Adélaïde


Musaga, 6 Julai 2025

Mama,

Nina daftari ninaloandika kila mchezaji niliyemtoa, na dakika niliyomtoa. Barua yako ilipofika jana nililifungua. Katika msimu mzima, mara kumi na tisa nilitoa mchezaji kwa sababu rais alisimama. Pembeni nimeandika kwa mkono wangu, "R. amesimama." Mara kumi na tisa, mama. Nimelifunga daftari na sijataka kulitazama tena.

Kuhusu Fanta, niliijua.

Nimekunywa agashinguracumu kwenye posa ya dada yake Landry. Nimekunywa kwako siku ya kuondoa matanga ya Mzee Moïse, na kesho yake nilirudi kwako kula maharage. Rais aliponipa chupa, nilijua ni ya kuaga tu. Lakini Landry aliposema nimefukuzwa, kitu kizito kilishuka mabegani. Nilifurahi, mama. Neno ndilo hilo. Nilifika nyumbani nikala vizuri, mara ya kwanza tangu Septemba. Nikaamua kumwamini Landry. Nikarudisha funguo haraka kabla mtu hajanisahihisha, kisha nikakuandikia wewe nikijifanya mgeni. Nilitaka uniambie ndiyo, umefukuzwa, ili nisiwe mimi niliyekimbia.

Jioni ya siku ile niliyorudisha funguo nilipita uwanjani. Trésor alikuwa peke yake, anapiga mpira kwenye ukuta wa shule. Aliniona. Nikageuka, nikapita njia nyingine. Tangu hapo chakula hakipiti tena.

Hujaniuliza kama nastahili msimu mwingine, lakini najua ndicho unachokitafuta. Sijui. Kubaki naogopa, kuondoka naona aibu, na sijui lipi kati ya hayo mawili ndilo sauti ya mtu mwenye akili. Piga kura unavyoona. Sitakulaumu.

Mugisho


Gitega, 8 Julai 2025

Népo,

Hii ni kura yangu. Uisome mbele ya komite, neno kwa neno.

Nasema Mugisho aende.

Nampenda kama niliyemzaa, nanyi nyote mnajua, kwa hiyo msidhani ni rahisi. Nimeandika karatasi hii mara tatu na mbili nimezichana. Kufungwa mechi kumi na nne si kosa kwa kocha wa mwaka wa kwanza. Moïse alifungwa nyingi zaidi, na alikuwa akirudi nyumbani anaimba. Lakini Mugisho alipodhani mmemfukuza, alifurahi. Ameniandikia hivyo yeye mwenyewe. Kocha anayefurahi kufukuzwa siwezi kumkabidhi vijana wetu. Watamsoma usoni kama yeye alivyokuwa akikusoma wewe.

Na hapo ndipo ninapokugeukia wewe, Népo. Mwaka mzima mtu huyu alikuwa akitoa wachezaji kila ulipoumwa mgongo. Mara kumi na tisa, ameziandika kwenye daftari. Trésor alitolewa Ngozi kwa ajili ya mgongo wako. Ungemwambia neno moja, hata baya, asingeutafuta uso wako jukwaani. Kimya chako mmekiita adabu, na mimi pia nilikiita hivyo. Leo sijui nikiiteje.

Sina hakika kama nimetenda haki. Lakini mlitaka kura, na kura ndiyo hiyo. Mwambieni kwa mdomo, mkimtazama, na msimpe kinywaji chochote.

Adélaïde


Kinindo, 13 Julai 2025

Mama Adélaïde mheshimiwa,

Kikao kilifanyika jana, na ni wajibu wangu kukuarifu.

Kwanza nikueleze ya juzi Ijumaa. Alasiri kocha alikuja kwangu. Alikuja kwa miguu kutoka Musaga kwa kuwa basi hakuna, mafuta yamekosekana tena, na viatu vyake vilikuwa vimejaa vumbi. Nilimkaribisha kiti, akakataa. Nilitaka kumuuliza habari za nyumbani, lakini hakuniachia nafasi. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema.

"Muzee, mi nilishindwa. Mwaka muzima nilikuwa naangalia we, apana mupira. Naomba mwaka moja ya kuangalia mupira."

Nilimuuliza kama anafikiri anastahili. Akasema hajui. Nikamuuliza kama haogopi. Akasema anaogopa sana, na kwamba asubuhi ile alikuwa amemtafuta Trésor, akamwambia Ngozi hakukosea popote, na Trésor alimtazama tu akaenda zake. Akasema hata kama komite itamfukuza, anataka kusikia kwa masikio yake.

Mama, nilitaka tena kuzungumzia mvua. Unanijua. Kisha nikasema, "Ulishindwa, Mugisho. Na mimi pia." Nina miaka sitini na mitatu, na sikumbuki kama nimewahi kumwambia mtu mzima sentensi ya namna hiyo. Yeye akaitikia kwa kichwa, akanishukuru, akaondoka. Sikumpa kinywaji.

Jana kura zilibaki zilezile za Juni, wanne kwa wanne. Nilikuandikia kwamba sina upande. Haikuwa kweli, na naomba unisamehe: nilikuwa mmoja wa wanne waliotaka aende. Lakini kwa kuwa sauti ya familia haikupatikana hadi saa ya kikao, katiba iliniachia uamuzi mimi. Nimesema abaki msimu mmoja. Hyacinthe aliniomba nirudie, kwa kuwa hakuamini kama nimesema, nikarudia. Leo asubuhi amempelekea funguo.

Kama anastahili, bado sijui. Nimelala nalo, nimeamka nalo, nimekwenda nalo misani, na sijui. Huenda mwakani tutashuka daraja na utanilaani, na utakuwa na haki.

Wenzangu waliniuliza mara mbili juu ya kura yako, na wengine walitaka tungoje. Niliwajibu nikiwatazama machoni, na wewe nakujibu vivyo hivyo. Barua yako ya tarehe 8 Julai, ile ya kurasa mbili, haijafika.

Wako katika Tuungane,
Népomuscène